Kebo tai: kabla ya kuuliza bei, uliza itakaa wapi

Ukisimama dakika chache kwenye duka lolote la vifaa vya umeme hapa Nakuru, utasikia maswali mawili tu kuhusu kebo tai, ile mikanda myembamba ya plastiki ya kufungia nyaya ambayo mkia wake hupitishwa kwenye tundu la kichwa na kukazwa: za urefu gani, na pakiti ni pesa ngapi. Muuzaji anashusha pakiti nyeupe, mteja analipa, anaondoka. Hakuna aliyeuliza kama zinakwenda kufunga nyaya za televisheni sebuleni, kebo ya sola juu ya mabati, au waya wa klachi ya pikipiki. Kwangu mimi hilo ndilo swali la kwanza. Urefu ukikosea utajua palepale dukani au kazini, kwa sababu mkia hautafika kichwani. Ukikosea mahali itakapokaa, utajua baada ya miezi, wakati wewe fundi umeshalipwa na kuondoka na mwenye nyumba amebaki na hatari juu ya paa lake.

Mimi ni fundi wa umeme na sola. Kazi zangu nyingi ziko Nakuru na viunga vyake, yaani Njoro, Rongai na Bahati, na nyingine hunishusha hadi Kericho na Kisumu, mara mojamoja mpaka Kakamega. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kufungua yale yaliyofungwa na wengine, na huko ndiko nilikojifunza kuhusu kebo tai. Ukikuta moja iliyokatika, iangalie vizuri kabla ya kuitupa. Mahali ilipokatikia na rangi iliyobadilika vinakueleza nini kiliiua.

Jua la kwetu

Kebo tai nyingi zinazouzwa zimetengenezwa kwa nailoni ya aina iitwayo 6/6, au nailoni 66. Ni plastiki ngumu, inanyumbulika, haisumbuliwi na petroli wala grisi. Adui yake mkubwa ni miale ya jua ile isiyoonekana kwa macho, ya urujuanimno. Miale hiyo hukatakata minyororo ya nailoni kuanzia juu ya uso kuingia ndani. Sasa fikiria sisi tuko wapi. Mstari wa ikweta unapita Maseno, karibu na Kisumu, na Nakuru iko kusini kidogo tu ya mstari huohuo. Jua linatupiga kutoka juu kabisa mwaka mzima. Tena Nakuru iko mita kama 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu kama 1,130. Kila ukipanda mita 1,000 miale hiyo huongezeka nguvu kwa karibu asilimia 10, kwa sababu hewa ya kuichuja imepungua. Kwa hiyo tai nyeupe iliyodumu kiasi fulani kwenye ua wa mtu huko Ulaya haiwezi kudumu vivyo hivyo juu ya bati la Njoro.

Niliwahi kuitwa kwenye shule moja upande wa Rongai ambako pampu ya sola ya kisima ilikuwa ikizimika kila upepo unapovuma mchana. Paneli zilikuwa nzima, inveta (kigeuza umeme wa paneli) nzima, pampu haina tatizo. Nilipopanda paa nikakuta vipande vya kebo tai nyeupe vimetapakaa kwenye mabonde ya mabati. Chache zilikuwa bado zimeshikilia. Zilikuwa zimegeuka manjano iliyofifia, na uso wake una ungaunga ambao ukipitisha kidole unabaki kidoleni. Nilipoigusa moja ikakatika palepale, karibu na kichwa, mahali ambapo mkanda hukunjwa zaidi. Kebo yenyewe ilikuwa imelegea na kulalia ukingo wa bati, na kila upepo ulipovuma ilikuwa ikisuguliwa hapo. Ganda la kwanza lilikuwa limekwisha, la pili limekwisha, na shaba ilikuwa inaonekana, urefu wa ukucha hivi.

Umeme wa paneli ni wa mkondo mmoja (DC), yaani unaokwenda upande mmoja tu, na huo ukianza kuruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye bati hutoa cheche mfululizo ambazo hazizimiki kirahisi kama za umeme wa nyumbani. Huwezi kuzima jua. Kuna watoto wanaosoma chini ya paa lile. Nilikata sehemu iliyoharibika, nikavuta kebo mpya, na jioni ile nilimweleza mwalimu mkuu kwamba kilichokaribia kuchoma darasa lake ni kitu cha bei ya chini kuliko vyote vilivyokuwa kwenye paa lile. Fundi aliyefunga mwanzo alikuwa amenunua paneli nzuri na inveta nzuri. Alikosa swali moja tu dukani.

Nje, basi, nunua nyeusi. Lakini usikimbilie kila nyeusi. Tai nyeusi ya nje hupata nguvu yake kutokana na masizi laini ya kaboni yanayochanganywa ndani ya nailoni wakati wa kuyeyushwa, kiasi cha kama asilimia 2. Masizi hayo humeza miale kabla haijafika kwenye nailoni. Kuna tai nyingine nyeusi ambazo zimetiwa rangi tu, na kwa jicho huwezi kuzitofautisha hata uzishike juani kutwa nzima. Kinachokusaidia ni maandishi ya pakiti. Tafuta herufi UV, kifupi cha Kiingereza cha miale hiyo ya urujuanimno, au maelezo kwamba zinastahimili hali ya hewa ya nje, jina la mtengenezaji, aina ya nailoni, kiwango cha joto na uzito zinaoweza kuvuta. Pakiti isiyo na lolote kati ya hayo, yenye idadi na urefu peke yake, mimi siipandishi paa hata kama ni nyeusi tititi.

Kwa paneli zenyewe napendelea kwenda mbali zaidi. Chini ya paneli hakuna jua la moja kwa moja, lakini kuna mwanga unaorudishwa na bati na kuna joto jingi. Kwenye reli za alumini natumia klipu za chuma zilizotengenezwa kwa kebo za sola, au kebo tai za chuma kisichoshika kutu zilizovikwa plastiki. Zile za chuma kitupu zina kingo kali, zinaweza kukata ganda la kebo zikikazwa sana. Kisha kati ya klipu na klipu, pale ambapo kebo ingening'inia, naweka tai nyeusi ya nje, karibu kila sentimita 30. Hata zile nyeusi zikichoka siku moja, kebo haitaanguka.

Chuma hicho kina madaraja. Kinachouzwa sana ni 304, na kingine ni 316 ambacho kinavumilia chumvi. Ukifanya kazi Mombasa, lipia 316. Kisumu tuna ziwa kubwa lakini maji yake hayana chumvi, na 304 inatosha kabisa, hata pale Dunga ufukweni. Nimewahi kusikia muuzaji akimwambia mteja Kisumu kwamba lazima achukue ya bei ya juu kwa sababu ya ziwa. Hapana. Tumia pesa hiyo kununua kebo nzuri.

Neno moja kuhusu bainding waya, ule waya mwembamba wa chuma wa kufungia nondo, kwa sababu najua kuna wanaosema kwa nini wasifunge nayo tu. Kwa nondo za slebu ni sawa. Kwa waya wa umeme, inakata ganda polepole kila kebo inapotanuka kwa joto na kusinyaa usiku. Tafadhali usifanye hivyo.

Upana ndio nguvu

Kebo tai haikuanzia kwenye ujenzi. Ilibuniwa Marekani na Maurus Logan, mfanyakazi wa kampuni ya Thomas & Betts, na hati ya kulinda ubunifu huo (hataza) iliombwa mwaka 1958. Alikuwa ameona kiwandani jinsi maelfu ya nyaya za ndege zilivyokuwa zikifungwa kwa mkono kwa uzi uliopakwa nta, kazi iliyochosha na kuchubua vidole. Nalitaja hili kwa sababu linaeleza kifaa kilikusudiwa nini: kukusanya nyaya pamoja zisitawanyike. Hakikukusudiwa kubeba mzigo.

Hata hivyo kila tai ina nguvu yake, na nguvu hiyo iko kwenye upana kuliko urefu. Watu wengi huchukua ndefu wakidhani ndiyo imara. Tai ya upana wa milimita 2.5, zile ndogo za urefu wa milimita 100, huvumilia mvuto wa kama kilo 8. Ya milimita 3.6 huvumilia kama kilo 18. Ya 4.8, ambayo ndiyo farasi wetu wa kazi, kama kilo 22. Ukifika 7.6 unapata zaidi ya kilo 50, na zile pana za milimita 9 hukaribia kilo 80. Hizo ni namba za tai mpya, yenye ubora, iliyovutwa mara moja kwenye maabara. Ukiining'iniza kitu kizito mwaka mzima, nailoni hulegea polepole na kujivuta, na joto la mchana huharakisha. Mimi sihesabu hata nusu ya kilichoandikwa kwenye pakiti, na kitu ambacho kikianguka kinaweza kumuumiza mtu sikifungi kwa kebo tai ya plastiki hata kidogo. Bembea ya mtoto, spika ya kanisani iliyo juu ya vichwa vya waumini, kontena la maji kwenye keria ya pikipiki: hizo zina kamba zake, minyororo yake na bolti zake.

Kwa urefu, hesabu ni rahisi. Pima unene wa fungu la nyaya, zidisha kwa 3.14, ndipo uongeze sentimita chache za mkia wa kushika na kuvuta. Fungu la unene wa sentimita 5 lina mzunguko wa karibu sentimita 16, kwa hiyo tai ya milimita 200 inatosha. Fungu la sentimita 10 linakaribia sentimita 32, hapo chukua ya milimita 370. Zikikosekana ndefu, mbili fupi zinaweza kuunganishwa mkia kwa kichwa, na inakubalika kwa nyaya nyepesi za ndani. Nje siipendi, kwa sababu umeongeza kichwa kingine cha kushindwa.

Dukani, omba moja ujaribu. Muuzaji mwaminifu hatakunyima. Ikunje mpaka ncha iguse kichwa kwa upande usio wa kawaida, yaani kinyumenyume. Ikipasuka au ikiweka mstari mweupe wa ufa, iache. Kisha ifunge kwenye kipande cha shaba, bomba, chochote kilicho mezani, uivute kwa nguvu zako zote. Ule ulimi mdogo ndani ya kichwa unaoshika meno haupaswi kuteleza hata jino moja. Tai zilizotengenezwa kwa plastiki iliyorudiwa kuyeyushwa huanguka kwenye jaribio hili la pili mara nyingi. Kuna muuzaji mmoja Kisumu ambaye sasa akiniona tu anatoa tai ya kujaribu kabla sijasema kitu. "Omera, vuta kwanza ndio tuongee bei," ananiambia. Huyo nitamrudia daima.

Pikipiki na injini

Vijana wa boda wanatumia kebo tai kuliko mafundi wa umeme. Wanafunga taa, kioo, bodi iliyopasuka, waya wa spidomita. Mengi ya hayo ni sawa. Shida iko kwenye joto. Nailoni ya kawaida imeandikiwa nyuzi 85 za selsiasi. Ziko zilizoongezewa dawa ya joto ambazo hufika 105 na nyingine 125, na hizo ndizo za karibu na injini. Karibu na ekzosi hakuna tai ya plastiki itakayodumu. Bomba lile hupita nyuzi mia kadhaa, na nailoni huyeyuka ikifika kama 260. Hapo tumia ya chuma, au klampu.

Petroli na oili hazina neno. Maji ya betri yana neno kubwa. Asidi ya betri huila nailoni, na ukifunga betri ya pikipiki kwa kebo tai, mvuke na matone yatailegeza bila wewe kuona. Betri ina mkanda wake wa mpira au bamba lake la chuma. Urudishe.

Na jambo la kunitia uchungu: waya wa klachi, waya wa breki na waya wa mafuta huteleza ndani ya ganda lake, na usukani hugeuka kulia na kushoto. Ukifunga kwa kukaza kwenye usukani, dereva akikata kona kali waya unavutwa na pikipiki inaongeza moto au breki inashika. Kabla ya kukata mkia, geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili, bonyeza klachi, bonyeza breki, uone kila kitu kinarudi chenyewe. Dakika hiyo moja mtu asikunyime. Paipu ya breki ya mafuta usiibane kabisa; iache ipite kwenye kitanzi kilicholegea au kwenye kishikio chake cha kiwandani.

Gesi

Nimekuta majikoni paipu ya gesi imefungwa kwenye rigyuleta kwa kebo tai. Usifanye hivyo nyumbani kwako, na ukiiona kwa jirani mwambie leo. Tai hulegea, jiko lina joto, na mpira wa paipu nao husinyaa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutulia chini sakafuni na kungoja cheche. Klipu ya chuma ya skurubu inapatikana katika kila hadiwea, na ukishaikaza paka povu la sabuni uone kama kuna mapovu. Hapa sina la kuongeza.

Ndani ya nyumba na ofisini

Ndani hakuna jua, na tai nyeupe inafaa vizuri. Kosa la ndani ni kukaza. Kebo za intaneti, zile zenye jozi nne za nyaya zilizosokotwa, hutegemea msokoto wake kuzuia kelele kati ya jozi moja na nyingine. Ukizibana mpaka ganda likaingia ndani, umezivuruga, na mteja atalalamika kwamba mtandao unakatikakatika huku akilaumu kampuni ya intaneti. Kipimo changu ni hiki: baada ya kufunga, tai iweze kuzungushwa kwa vidole viwili juu ya fungu. Ikigoma kuzunguka, ikate uanze upya. Kwa kebo za faiba ni zaidi, maana ndani ni uzi wa kioo. Mahali penye kebo nyingi zinazobadilishwa kila mara, kama rafu ya vifaa vya ofisi au saiba, mimi naweka mikanda ya velkro. Inafunguka, inafungika tena, na haibani. Bei yake ni ya juu mwanzoni, lakini kwa miaka haununui tena.

Ziko pia kebo tai za kufunguka, zenye kijiko kidogo cha kubonyeza kwenye kichwa. Zifikirie kwa kazi ambayo unajua utairudia, kama kujaribu mpangilio wa nyaya kabla ya kumalizia. Na ziko zenye tundu la skurubu kichwani, nzuri sana kwa kupitisha nyaya ukutani au kwenye ubao. Hizi mbili hazijulikani sana hapa, nami najiuliza kwa nini, kwa sababu zinaokoa muda.

Kukata mkia kuna adabu yake. Ukikata kwa mshazari ukiacha kipande kimechomoza, umeacha wembe. Fundi atakayefuata ataingiza mkono gizani nyuma ya kabati na kutoka na damu. Tumia koleo la kukatia lenye uso bapa, uligandamize kichwani kabisa, ukate sawasawa.

Ndani kuna jambo jingine ambalo ningetamani kila mkandarasi wa Kenya alichukue kwa uzito. Plastiki huyeyuka moto ukiwaka, na nyaya zilizoshikwa na plastiki pekee juu ya dari au juu ya mlango huanguka na kuning'inia kwenye njia ya watu. Huko Uingereza, mwaka 2005 katika jengo la Harrow Court mjini Stevenage, na tena mwaka 2010 katika jengo la Shirley Towers mjini Southampton, wazima moto walikufa, na katika matukio yote mawili nyaya zilizoanguka kutoka juu ziliwanasa wazima moto ndani ya moshi. Baada ya hapo kanuni za umeme za Uingereza, BS 7671, zilibadilishwa, na toleo la 18 la mwaka 2018 linataka nyaya zishikwe kwa namna ambayo hazitaanguka mapema wakati wa moto popote ndani ya jengo. Kwa lugha ya kazi, maana yake ni kwamba kebo tai na trankingi za plastiki (vile vijia vya kupitishia nyaya) zisiwe kishikio pekee cha nyaya zilizo juu. Sisi tunajenga hosteli za wanafunzi za ghorofa kwa kasi, Njoro na Kisumu kote. Weka klipu chache za chuma kwenye korido, kila baada ya hatua kadhaa, na hasa juu ya milango na ngazi. Gharama yake haimfilisi mtu.

Unyevu, na namna ya kutunza pakiti

Wengi hushangaa nikiwaambia nailoni inahitaji maji. Kwenye hewa ya kawaida hufyonza unyevu kiasi cha asilimia 2 na nusu ya uzito wake, na unyevu huo ndio unaoifanya inyumbulike. Ikikauka inakuwa kavu na ya kukatika. Kisumu, hewa ya ziwa inaitunza bila wewe kufanya lolote. Nakuru mwezi wa Januari na Februari, vumbi likiruka na upepo umekauka, pakiti iliyofunguliwa na kuachwa juu ya dashibodi ya gari itakuwa imeharibika kwa joto na ukavu pamoja. Watengenezaji hufungasha tai kwenye mifuko ya plastiki iliyozibwa kwa sababu hiyo. Toa unazohitaji, kunja mdomo wa pakiti, ufunge kwa mpira, uweke kivulini. Zikishakauka lakini hazijapigwa na jua, ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa kadhaa, nyingi hurudi. Zilizoliwa na jua hazirudi kwa maji wala kwa kitu kingine.

Shambani

Huku shambani ndiko ninakoulizwa maswali ambayo hayahusu umeme. Kwa paipu za matone kwenye grinihausi, tai nyeusi ya nje ya milimita 4.8 inafaa kushikilia paipu kwenye waya wa juu, mradi usizibe maji kwa kukaza. Kwenye maungio yenye presha ya maji, klipu ya chuma.

Kwa miti, hapana. Nimeona miche ya parachichi imefungwa kwenye mti wa kuegemea kwa kebo tai, na baada ya msimu mmoja tai imezama ndani ya gome. Mti unanenepa, tai haitanuki, na chakula kinachoshuka kutoka kwenye majani hupita kwenye gome hilohilo linalonyongwa. Tumia katani, kitambaa, au ukanda wa mpira wa tyubu ufungwe kwa umbo la nane ukiwa umelegea.

Kwa kuku, ndiyo, kwa masharti. Mama mmoja nilikokuwa nikiweka sola upande wa Kakamega aliniuliza kama anaweza kuwatia alama kuku wake wa kienyeji kwa kebo tai za rangi, nyekundu kwa walioanguliwa mwezi huu, kijani kwa wa mwezi ujao. Nilimwambia, "Mama, inawezekana, lakini kidole chako cha mwisho kipite kati ya tai na mguu, na vifaranga usiwafunge hadi wakue." Mguu wa kuku anayekua hunenepa haraka, na tai iliyobana hukata ngozi, kisha kidonda kinaoza. Kagua kila wiki, na uwe na koleo dogo mfukoni la kuikata ikianza kubana. Na chukua zile za milimita 2.5, zilizokatwa mkia sawasawa, kuku asijikwaruze.

Wafugaji wa samaki wa vizimba ziwani nao huniuliza kama wafunge nyavu kwa kebo tai. Mawimbi huvuta na kuachia, kuvuta na kuachia, kutwa kucha, na jua liko juu yake. Wavu ufungwe kwa kamba ya nailoni na mtu anayejua fundo. Kebo tai nyeusi iwe ya kushikilia kibao cha namba ya kizimba, hapo ikikatika umepoteza kibao tu, samaki bado wako ndani.

Kitu cha mwisho ninachokifanya kabla ya kushuka paani ni kuokota mikia yote niliyoikata. Mvua ikinyesha huteremka nayo kwenye gata na kuingia kwenye tangi la maji ya kunywa, au huishia uani ambako ndama na kuku wanaokota kila kinachong'aa. Huwa nabeba mfuko mdogo wa kitambaa kiunoni kwa kazi hiyo, na vijana ninaofanya nao kazi wanajua kwamba hatutoi ngazi mpaka mfuko huo umepita kila kona ya bati.